Kwenda Mlima Elgon Wakati wa Vuli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mvua kubwa zikilegea na mahindi ya Trans Nzoia yakianza kukauka yakiwa bado wima shambani, maswali kuhusu Mlima Elgon huwa mengi. Yanatoka Kisumu, Nakuru, Kakamega na Eldoret, kwa watu wanaotaka kuitumia sikukuu ya Mashujaa ya tarehe 20 Oktoba au siku za shule kufungwa. Hapa nimekusanya yale yanayorudi kila mwaka. Majibu yanahusu upande wa Kenya, hasa lango la Chorlim karibu na Endebess, na miezi ya Oktoba, Novemba na siku za mwanzo za Desemba.

Vuli si ni msimu wa mvua? Kwa nini nipande mlima nikanyeshewe?

Kwa sababu vuli ya huku siyo ile ya Machakos au Kitui. Mashariki mwa nchi, mvua ya Oktoba hadi Desemba ndiyo ambayo mkulima anaitegemea. Kitale mambo ni tofauti: mvua huanza Machi, inapanda Aprili na Mei, inapumua kidogo Juni, kisha inarudi kwa nguvu Julai na Agosti. Ikifika Oktoba tunaona mkia wake. Inanyesha, ndiyo, lakini kwa kawaida asubuhi huwa kweupe, mawingu yanajijenga kuanzia saa sita mchana, mvua inashuka alasiri, na usiku anga linafunguka tena.

Anayesubiri Januari atapata njia kavu, hilo sikatai. Atapata pia vumbi, nyasi zilizopauka na ukungu wa moshi unaoficha mabonde. Oktoba hewa imeoshwa. Maporomoko madogo ya maji yanayoanguka mbele ya midomo ya mapango yana nguvu, maua ya nyanda za juu yamefunguka, na ukisimama kwenye genge la Endebess Bluff asubuhi unaona mashamba ya Trans Nzoia yakienda mpaka milima ya Cherangani. Ningeambiwa nichague mwezi mmoja wa kumpeleka mgeni wangu, ningechagua Novemba.

Basi niipangeje siku ili mvua isinikute?

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu. Wakati wa vuli mlima hukupa asubuhi. Alasiri usiihesabu kuwa yako.

Jua linachomoza baada ya saa kumi na mbili na robo hivi, na ikikaribia saa moja jioni giza limeshaingia. Lenga kuwa njiani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uwe umegeuza kurudi saa tano na nusu, hata kama kilele unakiona kwa macho na hata kama anga bado ni la bluu. Saa nane uwe chini ya mstari wa miti, pale msitu unapoishia, saa tisa uwe bandani au ndani ya gari ukinywa chai. Wanaolowa na kutetemeka ni wale walioondoka Eldoret saa mbili asubuhi, wakasimama kula, wakafika langoni saa sita, halafu wakaanza kupanda kwa sababu wameshalipa.

Kwa hiyo kutoka nyumbani, kupanda na kurudi siku hiyohiyo hakufai msimu huu. Malango ya hifadhi hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na anayelala ndani ameshampita kwa mbali anayelala Kitale mjini. Njoo jana yake, ulale, uamke mapema.

Kati ya Oktoba, Novemba na Desemba, upi ni bora?

Kwa mtu anayetaka kupanda juu, nusu ya pili ya Novemba hadi katikati ya Desemba. Kwa anayetaka misitu, mapango na ndege, Oktoba inatosha kabisa, na wageni ni wachache ukiondoa wikendi ya Mashujaa.

Iko miaka inayovunja kanuni hii. Bahari ya Hindi ikipata joto kupita kawaida upande wetu wa magharibi, hasa ikikutana na El Niño, mvua za vuli huwa kali nchi nzima. Ilikuwa hivyo mwaka 1997, ikawa hivyo 2019 na tena 2023. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu wa Oktoba hadi Desemba kabla haujaanza, na huueleza kwa kila eneo. Usome kabla ya kulipia chochote, na ukisoma, tafuta sehemu inayozungumzia nyanda za juu magharibi mwa Bonde la Ufa. Ripoti ya Nairobi haitakusaidia Endebess.

Nitafikaje kutoka Nakuru? Na kutoka Kisumu?

Kutoka Nakuru ni barabara kuu ya Eldoret, halafu Kitale. Kutoka Kisumu wengi hupitia Kakamega na Webuye, wengine hupanda kwa Kapsabet na Eldoret. Njia zote hukutana Kitale, na Kitale ndiyo mahali pa kununua kila ulichosahau. Kutoka hapo ni matatu au Probox hadi Endebess, kisha boda boda au gari lako hadi lango la Chorlim. Kutoka Kitale hadi langoni hakufiki kilomita 30.

Kumbuka kwamba Oktoba na Novemba ni wakati wa kuvuna. Kati ya Kitale na Endebess barabara hujaa matrekta yanayovuta matela ya mahindi, mengi bila taa nyuma. Nakusihi usiendeshe kipande hicho usiku.

Gari dogo litafika?

Langoni, mara nyingi ndiyo. Ndani ya hifadhi, inategemea mvua ya jana. Udongo ni mwekundu, ukilowa unateleza hata kwa anayetembea kwa miguu. Barabara ya ndani inayopanda hadi juu ya mita 3,500 inahitaji gari refu lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne, na baada ya mvua kubwa hata hilo hukwama. Hadi mapangoni ni nafuu zaidi. Ukiwa na gari dogo, liache langoni na umuulize askari kabla ya kujaribu. Anajua hali ya barabara ya leo asubuhi, na hakuna ramani itakayokuambia hilo.

Malipo ni kwa pesa taslimu?

Hapana. Ada za hifadhi za KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, hulipwa kupitia eCitizen, mtandao wa serikali wa huduma na malipo. Lipia mapema ukiwa mjini kwenye mtandao mzuri, na uhifadhi risiti kwenye simu. Viwango hubadilika, kwa hiyo viangalie hukohuko. Mkenya abebe kitambulisho, vinginevyo atatozwa kama mgeni.

Nilale wapi?

Ndani ya hifadhi kuna mabanda ya Kapkuro, yenye vitanda na jiko, na kuna viwanja vya kupiga hema. Wakati wa vuli ningemshauri anayekuja mara ya kwanza achukue banda. Hema zuri linahimili mvua, lakini kuamka saa kumi na moja alfajiri na kuvaa nguo zilizolala na unyevu humkatisha mtu tamaa mapema. Ukipiga hema, litie mahali palipoinuka, mbali na kijito, na uchimbe mfereji mdogo pale tu askari atakapokuruhusu.

Kitale mjini kuna nyumba za wageni za kila bei.

Tumesikia pango la Kitum lina ugonjwa wa hatari. Ni kweli?

Ni kweli kwamba lina historia, na historia hiyo inafaa kuelezwa wazi kwa sababu uvumi unaozunguka ni mwingi.

Mwaka 1980 Mfaransa mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha sukari huku magharibi alitembelea Kitum, akaugua homa ya virusi vya Marburg, akafariki Nairobi. Daktari aliyemhudumia aliambukizwa naye, lakini akapona. Mwaka 1987 kijana wa miaka 15 kutoka Denmark, aliyekuwa ametembelea pango hilohilo, alifariki kwa ugonjwa huo. Watafiti waliingia pangoni na kupima wanyama na wadudu bila kupata kitu. Miaka mingi baadaye ilijulikana kwamba virusi hivyo hukaa kwa popo wanaokula matunda wanaoishi mapangoni, na vikapatikana hata kwa popo wa Kitum. Popo mwenyewe haugui. Binadamu huweza kuambukizwa akigusa au kuvuta hewa yenye mkojo, mate au kinyesi cha popo, hasa ndani kabisa ambako wamejazana.

Maelfu wameingia Kitum kabla na baada ya hapo wakarudi nyumbani salama. Hata hivyo hakuna chanjo iliyoidhinishwa, na ugonjwa wenyewe huua. Kwa hiyo mimi nasema hivi: simama mdomoni mwa pango na kwenye ukumbi wa mbele penye mwanga na hewa, tazama maporomoko ya maji na alama za pembe za ndovu ukutani, inatosha. Usiingie kwenye vyumba vya nyuma vya popo. Vaa barakoa, mikono mirefu na glavu, usishike kuta, usile wala kunywa ndani, na unawe kwa sabuni ukitoka. Mwenye kidonda mkononi abaki nje. Mtoto mdogo pia abaki nje, kwa kuwa hutamzuia kushika vitu kisha kutia mkono mdomoni.

Na ukipata homa kali ndani ya wiki tatu baada ya safari, nenda hospitali, na neno la kwanza umwambie daktari uliingia pango gani na lini. Yaelekea itakuwa malaria, maana Kisumu na Kakamega mbu hawana likizo. Lakini daktari hawezi kukisia pango.

Kwa nini ndovu huingia mapangoni? Nitawaona?

Wanaenda kuchimba chumvi. Elgon ni volkano iliyozimika, ya zamani kuliko Mlima Kenya na Kilimanjaro, na kuta za mapango haya ni majivu ya volkano yaliyoganda, yenye madini ya chumvi ndani yake. Mvua nyingi ya mlimani huosha chumvi kwenye udongo, majani yanakosa chumvi, na mnyama mla majani anabaki na njaa ya chumvi. Mvua hiyohiyo unayoihofia ndiyo inayompeleka ndovu pangoni. Huingia usiku, gizani kabisa, akipapasa njia kwa mkonga, kisha anabomoa ukuta kwa pembe na kusaga mawe kwa magego. Kitum linaingia mlimani kama mita 200, na inaaminika vizazi vya ndovu vimelipanua sana. Nyati, pongo na kuro nao huja kulamba.

Kuwaona ni bahati. Majangili waliwaua wengi katika miaka ya 1980, na waliobaki ni waoga na hutembea usiku. Kinachoonekana mchana ni kinyesi kibichi, nyayo kwenye matope na michirizi ya pembe ukutani. Vuli inasaidia hapa, kwani matope laini hutunza nyayo vizuri, na askari mzoefu atakusomea nani alipita usiku, mkubwa au mdogo, akielekea wapi.

Mbega weusi kwa weupe utawaona bila kutafuta. Sikiliza pia kelele za hondohondo juu ya miti mikubwa ya podo.

Pango la Makingeny ni kubwa zaidi mdomoni kuliko Kitum, na mapango ya Chepnyalil na Ngwarisha yana utulivu wake. Wasabaot waliishi katika mapango ya mlima huu pamoja na ng'ombe wao, na Joseph Thomson, msafiri Mskoti aliyepita huku mwaka 1883, aliyaeleza makazi hayo. Kwa hiyo unapoingia, unaingia penye nyumba za watu, hata kama wenyewe walihama.

Koitobos inapandika kwa siku moja?

Koitobos ina urefu wa mita 4,222. Kilele cha mlima mzima ni Wagagai, mita 4,321, lakini hicho kiko upande wa Uganda. Barabara ya ndani ikipitika hadi mwisho wake, mtu wa mwendo wa kawaida hutembea kama saa tatu kufika juu. Vuli ikiwa imeifunga barabara, utaanza kutembea chini zaidi, na hapo siku moja haitoshi.

Mpango ninaoupenda ni wa siku tatu. Siku ya kwanza unafika, unatembelea mapango na kulala. Ya pili unapanda polepole hadi kambi ya juu. Ya tatu unaondoka alfajiri na mapema, unafika kileleni, unashuka kabla ya mawingu. Njiani unapita msitu wa podo na mizeituni mwitu, kisha mianzi, kisha vichaka vya nyanda za juu, hadi kwenye lobelia na zile senesio ndefu zenye shina nene na kichwa kilichojikunja kama kabichi. Hizo hufunga majani yake usiku baridi ikija, na kufunguka asubuhi. Fika mapema uzione zikifunguka.

Kutembea peke yako hairuhusiwi. Utapewa askari wa hifadhi mwenye silaha, kwa ajili ya nyati na ndovu. Mheshimu. Akisema turudi, ni kurudi.

Mimi hukimbia kila asubuhi Kisumu. Urefu wa mlima utanisumbua?

Unaweza kukusumbua hata kama una pumzi ya kukimbia. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru 1,850, Kitale 1,900. Ugonjwa wa urefu unaweza kuanza ukivuka mita 2,500, na haujali nani ana mazoezi. Tena vijana wenye mbio huugua zaidi kwa sababu hawataki kwenda taratibu.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa usingizi, uchovu usio wa kawaida. Ukizipata, simama hapo ulipo, pumzika, kunywa maji. Zisipopungua, shuka. Mtu akianza kupepesuka kama mlevi, kuongea ovyo, au kukohoa na kukosa pumzi akiwa ameketi, mteremshe saa hiyohiyo, hata usiku, hata mvua inanyesha. Kumsubiri apate nafuu palepale kumeua watu katika milima mingi. Mwenye shinikizo la damu, pumu, ugonjwa wa moyo au selimundu amwone daktari kabla ya kufunga safari. Selimundu ni nyingi huku kwetu magharibi, na hewa nyembamba ni hatari kwa mwenye nayo.

Nibebe nini?

Joto hupungua karibu nyuzi sita na nusu kila unapopanda mita 1,000. Ukiacha nyuzi 28 Kisumu, jioni ya juu ya mlima inaweza kukaribia sifuri, na nguo zilizolowa huongeza baridi maradufu. Watu wanaokuja na jaketi moja zito la pamba huteseka, kwani pamba ikilowa haikauki. Vaa tabaka tatu: ya ndani nyepesi isiyo ya pamba, ya kati ya sufi au flisi, ya nje koti la mvua la kweli lisilopitisha maji. Si lazima ziwe mpya. Mitumba ya Kibuye kule Kisumu na soko la Kitale zina flisi na makoti mazuri kwa bei ya mlo mmoja wa hotelini. Chagua asubuhi mapema fungu likifunguliwa.

Gambuti zinafaa sana msituni na mapangoni. Kwa safari ndefu ya juu hazifai: hazishiki kifundo cha mguu, na miguu huganda. Kwa huko leta viatu vya kupandia vyenye meno, na viwe vimeshavaliwa wiki kadhaa. Soksi jozi tatu, jozi moja ikae kavu ndani ya mfuko hadi usiku. Kofia ya sufi, glavu, tochi ya kichwani na betri za ziada. Fimbo pia, fundi yeyote Endebess atakuchongea, na kwenye utelezi wa Novemba utamshukuru.

Na chakula?

Chapati, viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi, njugu karanga, mayai. Bebeni sukari nguru ya Kakamega au Bungoma. Kipande kidogo mdomoni wakati miguu imechoka kinafanya kazi kuliko biskuti za dukani. Chai ya tangawizi kwenye thamosi. Ugali muupike jioni, hamwezi kuuharakisha asubuhi. Juu sana maji huchemka kwenye joto la chini kuliko nyumbani, kwa hiyo maharagwe hayaivi. Yapike kabla ya kuja. Pikieni gesi ndogo. Kuni za msituni msikate.

Naweza kuingia na maji ya chupa?

La. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika hifadhi, misitu na fuo zilizohifadhiwa: chupa za maji, vikombe, sahani, vijiko, mirija. Njoo na chupa ya chuma au ya plastiki ngumu ya kujazwa tena. Maji ya vijito yachemshe au yatie dawa.

Radi je?

Radi za huku si za mchezo. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi zaidi duniani, na kila mwaka magharibi mwa Kenya tunazika watu waliopigwa. Mlimani kanuni ni chache. Ukiona mmweko, hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, ondoka mgongoni mwa mlima, usibaki wa juu kuliko vyote vilivyokuzunguka, usijifiche chini ya mti uliosimama peke yake, wala usisimame mdomoni mwa pango. Tawanyikeni, msikumbatiane. Rudini kutembea nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Anayefuata ratiba ya asubuhi niliyoitaja juu atakuwa amekwishaepuka sehemu kubwa ya hatari hii.

Na maporomoko ya ardhi?

Hapa naomba usome polepole. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 2019, ardhi iliporomoka katika vijiji vya West Pokot na kuua zaidi ya watu 40. Mwishoni mwa Novemba 2024 iliporomoka Bulambuli, upande wa Uganda wa mlima huuhuu. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 2025 ikawa Chesongoch, kule Elgeyo Marakwet. Ona zilivyokaribiana tarehe. Mvua ya vuli inakuta udongo umeshalowa tangu Machi; hauna tena nafasi ya kuhifadhi maji, na mteremko uliokatwa miti hauna mizizi ya kuushika.

Msitu wa hifadhi yenyewe umeshika ardhi vizuri kuliko mashamba ya chini. Hatari kubwa iko njiani na kwenye miteremko inayolimwa. Kama imenyesha siku mbili tatu mfululizo bila kukata, ahirisha. Mkiwa huko, angalieni nyufa mpya ardhini, miti iliyoanza kuinama, kijito kilichogeuka tope ghafla au kilichokauka ghafla wakati mvua inanyesha. Ukiona mojawapo, toka bondeni kwa kupanda pembeni, na uwaambie wenyeji uliowakuta. Usivuke mto uliojaa. Subiri, maji ya mlimani hupungua haraka mvua ikikata.

Nina watoto, na mama yangu ana miaka 68. Niwalete?

Walete. Mama atapenda msitu wa chini na Endebess Bluff, ambako gari hufika karibu kukiwa kukavu. Watoto kuanzia miaka minane hivi hutembea vizuri hadi mapangoni. Juu ya mita 3,000 nisingempeleka mtoto mdogo msimu huu. Hajui kueleza kwamba kichwa kinamuuma, atalia tu, na utadhani ni uchovu.

Simu inashika?

Langoni na kwenye miinuko inayotazama Kitale, ndiyo. Msituni na mabondeni, hapana. Mwachie mtu nyumbani ratiba yako kwa maandishi.

Kuna njia nyingine zaidi ya Chorlim? Na nijiendesheje kwa wenyeji?

Ipo ya Kimilili na Kapsokwony upande wa Bungoma. Ni njia nzuri, yenye msitu mnene na mianzi, ila kwa vuli ina matope zaidi, na inahitaji mpango na wenyeji mapema. Huko juu kuna Chepkitale, nyumbani kwa Waogiek wa Elgon, wafugaji na warina asali wanaoishi juu ya msitu. Ukifika kwao umefika kwa watu, kwa hiyo piga hodi. Omba ruhusa kwa wazee kabla ya kupita na kabla ya kupiga picha. Usiguse mizinga iliyotundikwa mitini. Asali wanauza, inunue kwao moja kwa moja, usipunguze bei kwa kelele.

Kimilili utasalimiwa "mulembe", nawe uitikie "mulembe". Kwa Wabukusu mlima huu ni Masaba, na wafuasi wa Dini ya Msambwa, iliyoanzishwa na Elijah Masinde wa Kimilili katika miaka ya 1940, wanauhesabu kuwa mtakatifu. Ukikuta watu wakiomba, zima muziki wako, vua kofia, pita kimya.

Naweza kuvuka hadi Uganda kupitia juu?

Inawezekana kwa mpango maalumu na mamlaka za hifadhi za pande zote mbili, uhamiaji na kadi ya homa ya manjano. Kaldera yenyewe, lile bonde pana la volkano huko juu, chemchemi zake za maji moto na Mto Suam unaotoka humo kwenda kuwa Turkwel na kumwagika Ziwa Turkana, ni safari ya ajabu. Kwa vuli nisingeianza. Muda wote unakuwa saa kadhaa mbali na msaada, na ukungu ukishuka kwenye kaldera hata askari huenda kwa tahadhari. Ingoje Januari.

Ninaishi Nakuru na sijawahi kupanda mlima wowote. Nianzie wapi?

Anzia Menengai, mita 2,278, mlangoni kwako. Panda kila Jumamosi kwa mwezi mmoja ukiwa na begi mgongoni, na angalau mara moja uende siku ya mvua kusudi, ili ujue koti lako linapitisha maji wapi. Wa Kisumu watumie vilima vya Nyando na Nandi, au waende Kakamega wapande Lirhanda.

Nikifika nikute njia ya juu imefungwa?

Hutokea, na askari hawatakufungulia kwa sababu umetoka mbali. Bakia chini: mapango, msitu, Endebess Bluff. Ukipata siku ya ziada nenda Saiwa, kando ya barabara ya Kitale kuelekea Kapenguria. Hifadhi hiyo ya mwaka 1974 ndiyo ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini, kilomita za mraba zisizozidi tatu. Inatembelewa kwa miguu, na ina majukwaa ya mbao ya kumvizia nzohe, swala wa kwenye matope, na kima wa De Brazza mwenye ndevu nyeupe. Nzohe hutoka kula mapema asubuhi na jioni, mvua au jua. Mjini Kitale kuna makumbusho yenye kipande cha msitu nyuma yake, panafaa kwa alasiri ya mvua.

Lakini bora kuliko yote ni kuulizia kabla ya kutoka. Piga simu hifadhini siku mbili kabla, na tena asubuhi ya kuondoka. Uliza mambo matatu: ilinyesha lini mara ya mwisho, barabara ya ndani inapitika hadi wapi leo, na askari wa kusindikiza yupo. Ukijibiwa vizuri yote matatu, washa gari.